Kamba ya Mama Ayuo

...bado inang'ata, iache ing'ate, Klotilda alikuwa anajiambia, mkono wa kushoto umezama kwenye chungu kidogo mpaka pale bangili inapoanzia, kwa sababu vidole vinadanganya, vidole vya mwanamke aliyeshinda jikoni miaka yote hii havijui tena moto ni kitu gani, kifundo cha mkono ndicho kisichosema uongo, kikisema bado basi bado, na sasa hivi kilikuwa kinasema bado, bado sana, togwa imetoka kuchujwa si muda, nyekundu, tamu, inafuka, na kamba ya chachu iko mapajani, kavu, nyepesi kama mkia wa mnyama aliyekufa zamani, imegandwa na povu la pombe za miaka na miaka, ukoko wa kijivu juu ya ukoko mwingine, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu, kuiokota, kuitumbukiza, basi, chachu yote ingeiva humo ndani kama maharage na wala isingepiga kelele, chachu haina mdomo, kitu pekee katika nyumba hii kisichokuwa na mdomo... "Wifi, unanisikiliza?" Nakusikiliza, akasema Klotilda, wala hakuwa anasikiliza, alikuwa anayaangalia maganda ya karanga, maana Perpetua, dada wa mumewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa ghala, ungo magotini, anabangua karanga, moja bakulini, moja mdomoni, na maganda anayatupa hapohapo chini, kwenye ua alioufagia Klotilda jogoo akiwa bado usingizini, anatupa kama mtu anayelisha kuku, na anaongea, tangu jana aliposhuka kwenye gari la kutoka mjini Wa anaongea, "maana kule kwangu wanywaji ninao, siwatafuti, walimu, madereva, mabwana wa ofisini na tai zao, wanakuja wenyewe, lakini wanakunywa uso wamekunja, wananiuliza, Madamu, mbona pombe yako si kama ile ya kwenu, ile ya Mama Ayuo, sasa mimi niwaambie nini?" Waambie wanywe maji, waambie wanywe mikojo ya punda... "ndiyo nikamwambia kaka, jamani, kamba itoke huku, Mama mwenyewe ndiyo hivyo tena kalala, kamba ya nini inaning'inia tu moshini?" Inaning'inia tu! Kama vile inajining'iniza, kama vile hakuna mtu anayeinyonga, anayeianika, anayeitoa mende, anayeitundika juu ya meko pale moshi unapopita lakini moto haufiki, mvua ikija anaihamisha, panya wakija anakaa macho, inaning'inia tu, eti, na huyo kaka, yaani Bayor, mume wake yeye Klotilda, akasema sawa, jana hiyohiyo, mdomo umejaa ugali, hata shingo hakuigeuza kumwangalia mkewe, sawa dada, mke wangu ataiamsha kesho, ikishashiba povu uichukue mbichimbichi uondoke nayo, halafu akaomba maji ya kunawa, maji ya kunawa, na yeye Klotilda mjinga wa wajinga akayaleta, akammiminia, akampa na kitambaa.

"Ningeiamsha mwenyewe," Perpetua alikuwa anasema, "ila mkono wako umezoea." Mkono wako umezoea... mkono huu, mkono wa maiti, ndivyo ulivyoitwa humu ndani, una jina lake, na nani aliyeupa jina kama si huyo aliyelala nyuma ya pazia lile la maua, hatua chache tu kutoka hapa, mama yao, Mama Ayuo, anayepumua kama mtu anayekokota gunia, sikiliza, khaa, khaa, hata kupumua anapumua kwa kugomba, na Klotilda aliusukuma mkono ndani zaidi, togwa ikamng'ata juu ya bangili, vizuri, ing'ate, maana siku ya kwanza kabisa alipopewa kamba hii ilikuwa hivihivi, mchana, upepo wa jangwa umekausha midomo ya watu, wanywaji wamejaa kwenye magogo wanasubiri pombe ya jana imalizwe, na yeye bibi harusi kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Burkina, rangi ya siku za harusi bado haijamtoka mwilini, akapiga magoti mbele ya chungu, akainama, akafungua mdomo aimbe, kwa sababu kwao chachu inaimbiwa, mama yake alikuwa anaifunika na khanga yake mwenyewe kama mtoto mwenye homa, anaiinamia, anainong'oneza, amka mwanangu, amka jua limetoka, wenzako wamekwenda kuchota maji, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kusema kwa sauti hadi povu lije, hata mbwa alifukuzwa, basi akafungua mdomo aimbe, na nyuma yake kukapasuka sauti ambayo hajaisikia tangu azaliwe: "We maiti! Hiyo mikono umeiazima kaburini? Itakuja kudaiwa! Angalieni shingo, angalieni, kama kanga aliyenyonyolewa akaponyoka! Ndiyo mwanangu kavuka mto mzima, kanyeshewa, kaniletea hiki? Watu wa ng'ambo nyie mnapika mboga bila chumvi mnasema ni dawa! Tia! Tia kamba, mzembe mkubwa, unaogopa nini, itakutafuna? Tia!" na wanywaji wakacheka, mzee mmoja akacheka mpaka pombe ikamtoka puani, na yeye akatia, machozi yakaingia humo humo na kamba, na kesho yake ile pombe waliigombania, walisema haijapata kutoka namna ile, walilamba vibuyu... lakini hilo lina uhusiano gani, hakuna aliyemwambia asante, walisema asante Mama Ayuo.

Na tangu siku hiyo kila akipiga magoti, kila pombe, masika na kiangazi, mimba zote, akiwa na homa, akiwa na msiba, mara tu kamba inapotoka mapajani kwenda chunguni kizee kinakuja kusimama nyuma yake, mikono kiunoni, kinaanza, na hakirudii, hilo ndilo lilikuwa linamuuma zaidi, kwamba hakirudii, kila mara tusi jipya, kama kinakaa kinayafikiria, kama kinalala nayo, mara matako ya kinu, mara mjusi wa kanisani, mara mke wa Bayor hata kivuli chake kinanuka usingizi, ila lile la maiti ndilo halikukosa, maiti ndiyo ilikuwa salamu ya kufungulia, na watu wamezoea wanakuja mapema wasipitwe, na yeye kichwa chini, meno pamoja, togwa inamwangalia na uso wake mwenyewe ndani yake, hadi ile siku mama yake mzazi alipokuja kumtembelea, alivuka mto kwa mtumbwi, mafuta ya shea kichwani na kanga jike amemfunga miguu, mama yake mpole yule asiyeweza hata kumfukuza kuku wa jirani, akakaa palepale anapokaa Perpetua sasa, na Klotilda akadhani leo, leo kwa heshima ya mgeni, leo angalau atanyamaza, na kizee hakikunyamaza, kiliongeza, "na huyu mama yako, alikuzaa au alikutapika?" mbele yake, mbele ya mkwe mwenzake, na mama yake akainuka taratibu, akajifunga khanga vizuri, akasema mwanangu hapa hawakupendi, lakini ng'ombe wa mahari walishaliwa, nitafanya nini, akaondoka bila kunywa maji, kanga akabaki mlangoni miguu imefungwa anapiga mabawa, na mvua zilizofuata mama yake akafa, akafa huko ng'ambo anajua kwamba mwanawe anachukiwa, alikufa nalo hilo kifuani, alizikwa nalo, na marimba zilipolia msibani Klotilda hakuzisikia, alikuwa anaapa, alikuwa ameshika udongo anaapa, siku nitakayoachwa peke yangu na kamba ile, hata kama nitakuwa sina meno, nitaichemsha, nitaichemsha hadi iwe kamba ya kufungia mbuzi.

Sasa si ndiyo leo. Ameachwa peke yake. Perpetua si mtu, Perpetua ni redio... "friji yangu ina milango miwili, wifi, watu wanasema pombe yetu haikai kwenye friji, mimi nimeikalisha"... na hakuna atakayejua, chachu ikifa inakaa vilevile, rangi ileile, harufu ileile, Perpetua ataibeba kwa heshima zote, ataifunga kwenye kitambaa cheupe, atakwenda kuwatilia walimu wake na madereva wake na watakunywa uji, watakunja uso mpaka uso ukatike, na hapo atasema nini, atasema kamba imenuna, na pembeni ya chungu kulikuwa na kile kipakiti alichokuja nacho, cha hamira ya dukani, "ya akiba tu wifi, kamba ikizingua," kinameta, na macho ya Klotilda yakaenda yenyewe kwenye maandishi, hawezi kujizuia, tangu ajue kusoma hawezi kupita penye herufi kama vile mtoto hawezi kupita penye embe, anasoma magunia, anasoma ndala, anasoma mgongo wa lori likiwa linakimbia, hata sasa amepiga magoti juu ya gunia na goti limeziba nusu ya neno na nusu iliyobaki ameshaisoma mara nyingi, LEA, LEA, anajua ni mbolea lakini anaipenda hivyo, lea, basi akakisoma kipakiti, Kiingereza chake cha kuokoteza lakini kinatosha, weka... mahali... pakavu... mbali... na joto, mbali na joto, akahisi kama kipakiti kimemuona, kama kimeuambia ule mkono wake, akakigeuza na kidole kitazame chini, kimbea hiki, na akacheka kidogo puani maana kote alikosoma, mbele na nyuma, hapakuwa na mahali palipoandikwa tukana, hakuna, weka kijiko, koroga, ngoja, lakini tukana hakuna, na hapo hapo akakumbuka kizee kilivyopokea habari za kusoma kwake, alipomaliza darasa la watu wazima pale kanisani na padri akamshika mkono mbele ya watu, akarudi hapa moyo umejaa, akapiga magoti na kamba, akasikia, "Ahaa! Sasa tuna maiti msomi! Haya isomee! Isomee chachu habari za Mathayo tuone kama itaamka! Mwanafunzi mwenye matiti magotini!" na watu wakafa kwa kucheka, maiti msomi, jina lilimganda msimu mzima sokoni... na nani alikuwa anambeba mtoto mgongoni wakati yeye yuko darasani, haya, nani, ni hichohicho kizee, bila kuombwa, kinakuja kinamchukua mtoto kinaondoka, neno hakuna, maana mbali na chungu Mama Ayuo alikuwa hasemi, hilo nalo, kutwa nzima anaweza asiseme, anakata mboga kimya, anachoma firigisi kimya, anaitia kwenye bakuli la mkewe Bayor kimya, firigisi, ambayo ni ya wanaume, na Klotilda alikuwa anaila akiwaza ananinenepesha, ananinenepesha ili nipate nguvu za kutukanwa, na sasa hivi kwa nini anawaza firigisi, hakukaa hapa kuwaza firigisi.

Kifundo kilisema bado. Kinang'ata lakini si kama mwanzo, ufanye haraka basi kama unafanya, mwanamke gani wewe hata kuua kitu kisicho na damu unahitaji barua, na nyuma ya pazia khaa, khaa, tangu mavuno, tangu ile asubuhi walipomkuta chini karibu na maji, upande mmoja wa mwili umemtoroka, mdomo umepanda kuelekea sikioni, ulimi umelala, na watu walisema maskini na Klotilda naye alisema maskini, na usiku ule alilala usingizi mtamu ambao hajalala tangu aolewe, na pombe iliyofuata alipiga magoti peke yake katika ukimya, ukimya mtupu, akasikia mpaka nzi, akaimba, ndiyo, aliimba, aliinamia chungu akaimba wimbo wa mama yake kwa mara ya kwanza katika nyumba hii, amka mwanangu amka, na povu lilikuja kidogo, jembamba, kama mate ya mtoto, na pombe ikatoka imelala, wanywaji walikunywa kwa adabu, adabu, kitu kibaya kuliko matusi, wakasema mtama wa mwaka huu mbovu, na iliyofuata vilevile, na iliyofuata mbaya zaidi, na yeye pia alisema mtama, mtama, lakini alipokuwa ananyonga kamba aliona ukoko unabanduka, unadondoka vipande, kama kitu kinachokata tamaa, na akaogopa, ndiyo, aliogopa, mtu anaweza kuogopea kitu anachotaka kukiua...

"Wewe leo una nini?" Perpetua aliacha kubangua. "Nakuongelesha unaangalia chungu kama umeona jini." Na Klotilda hakukusudia, ulimi ulitoka wenyewe, akasema: "Mdomo wa mama yenu umenimaliza." Akasikia lilivyotoka, kubwa, mbele ya pazia, na liache lisikike. Karanga ilibaki katikati ya vidole vya Perpetua. Halafu akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kibovu, kina mfupa ndani. "Umekumaliza? Wewe? Mungu wangu, sikia huyu. Wifi, mimi mama yangu hajawahi kunitukana. Hata mara moja." Hongera, akasema Klotilda, hongera sana, jenga kanisa. "Hapana, nisikilize, achana na chungu. Mimi ndiye binti yake. Binti wa pekee. Nilikuwa nataka kamba tangu niko mdogo hivi, nakuja napiga magoti hapohapo ulipo, namwambia Mama nitie mimi, anasema tia mwanangu. Tia mwanangu! Mungu akubariki mwanangu! Kwa sauti ndogo, kama anaongea na mgeni. Nikatia. Pombe ikatoka maji ya mvua. Nikarudia. Mungu akubariki mwanangu, maji ya mvua. Nikamuuliza bibi, mama yake baba, alikuwa hai bado, akaniambia hii chachu haiamki kwa upole, humu inatukaniwa, na wa kutukanwa ni yule ambaye mwenye kamba ameona ataibeba, na huwezi kuomba utukanwe, ukiomba inakuwa mchezo, nayo inajua. Mama mwenyewe alitukanwa na bibi mpaka akakonda. Alikuwa anaitwa fisi. Fisi la nani sijui." Akaokota karanga, akaitupa kwenye ungo kwa hasira. "Halafu ukaja wewe. Hujui kitu, hata salamu zetu ulikuwa unazikosea. Siku ya kwanza tu. Ya kwanza! Nilikuwa nyuma ya ghala hili hili, nilisikia yote, maiti, shingo ya kanga, nikakaa chini nikalia. Ndiyo nikaondoka nikaenda Wa kutafuta maisha. Na wewe umeinamisha kichwa kama mbuzi anayenyeshewa, hujui hata unapewa nini. Miaka yote! Miaka yote nilidhani unajua unajifanya."

...unapewa nini, hujui unapewa nini... na togwa ilikuwa inauzunguka mkono, na Klotilda hakuutoa, alikuwa anayashika yale maneno kama alivyokuwa anashika herufi mwanzoni, moja moja, hazishikani, halafu zinashikana, tia mwanangu maji ya mvua, hakirudii, kama kinakaa kinayafikiria, ndiyo, kilikuwa kinakaa kinayafikiria, kimya chote kile, kutwa nzima, kilikuwa kinamtafutia, kinamchagulia, kinamwekea akiba, na firigisi, na mtoto mgongoni, na wanywaji wanacheka, kumbe wazee wale walikuwa wanacheka kwa sababu wanajua, walikuwa wanashuhudia, kijiji kizima kilikuwa kwenye sherehe yake na yeye peke yake ndiye aliyedhani ni msiba, na kitu kikapanda kifuani, akangoja kiwe furaha na hakikuwa furaha, kilikuwa hasira, hasira nyingine mpya, safi, kubwa kuliko ile ya zamani, kwa hiyo ulijua, wewe kizee, ulijua unafanya nini, kwangu sawa, kwangu nyamaza, ukisema inakuwa mchezo, nimesikia, lakini mama yangu? Mama yangu hakuwa anatia kamba! Mama yangu alikuwa amekaa pale, ungeweza kumfuata njiani, ungeweza kumsindikiza hadi mtoni ukamwambia sikioni, mkwe wangu, usilie, mwanao nimemwona, ndiye, neno moja, mdomo wote ule ulikosa neno moja la kumpa mwanamke aliyekuletea kanga, alikufa hajui, kamba yako imepona na mama yangu alikufa hajui, hilo sikusamehe, sikia huko uliko, sikusamehe hata ukisimama ukacheza ngoma ya bawa, lakini kamba... akaishika, akaiinua mapajani, ukoko ukakwaruza kiganja, na kamba hii haiendi Wa, haiendi popote, Bayor anawe mikono yake na maji yake, atamwambia leo, atamwambia ugali ukiwa bado sufuriani, nitukanwe bure miaka yote hii halafu ikakae kwenye friji yenye milango miwili, haiendi, nimeilipia, nimeilipia mimi na mama yangu, hakuna wa kuigusa, na hapo ndipo alipogundua kwamba kifundo kimenyamaza. Kimya. Haking'ati. Hakujua ni saa ngapi kimeacha, togwa ilikuwa imefikia ule uvuguvugu wa mate, alikuwa amekaa anapanga kuua hadi moto wenyewe ukamwacha.

"Imefika?" aliuliza Perpetua, anauangalia mkono. Imefika, akasema Klotilda, na kamba haendi nayo mtu. "Unasemaje?" Umenisikia. Perpetua alisimama nusu, akakaa, akafungua mdomo, macho yakaenda kwenye kamba, na sauti yake ikatoka ndogo, "Basi... basi nikutukane mimi? Angalau iamke. Mimi nayakumbuka yake mengi." "Yako yatakuwa wivu tu. Itachacha iwe siki." Na hakucheka hata mmoja wao. Klotilda aliishika kamba juu ya chungu, kimo cha kiganja kimoja juu ya togwa, na ukimya ukashuka, uleule mtupu, akasikia nzi, akasikia jinsi mgongo wake ulivyo wazi, baridi, hakuna mtu nyuma, jamani hakuna mtu nyuma, mgongo wake wote ulikuwa unangoja kama mgongo wa mtu aliyezoea mzigo, na wimbo wa mama yake ukamjia mdomoni na akaumeza, samahani mama, si humu... na nyuma ya pazia ile khaa, khaa ikakatika. Ikawa kimya. Halafu kitu kama gogo linaburutwa, kirefu, kizito: "Mma..." Perpetua alikuwa ameshainuka, karanga zimemwagika, "Maji! Mama anataka maji, yuko wapi kikombe, anasema maji..." "Kaa chini," alisema Klotilda. "Si maji." "Wifi, mtu anaomba maji!" "Kaa chini nimesema, si maji!" Na hakugeuka, magoti yalikuwa palepale juu ya LEA, mkono palepale, kamba inaning'inia juu ya togwa haijaigusa, akasikia tena, "Mmma... ma..." ulimi unagonga ukuta wa meno, unateleza, unarudi, na Klotilda akapaza sauti, alipaza hadi kuku wakatawanyika, sauti ambayo hakujua anayo: "Ma nini? Ma nini, fisi we! Miaka yote ulikuwa na mdomo mpana kama mlango wa ghala, leo herufi moja inakushinda? Umelala kama nani, nani aliyekuruhusu kulala? Sema! Hapa nimeshika, mkono ndio huu, wa kaburini, unauona? Sema!" na machozi yalikuwa yanamtoka na hayakuwa ya huruma, "Ma, nimeisikia ma, ma unayo, sasa i, weka i, unganisha, kizee, unganisha..." na kule ndani pumzi ikavutwa, ndefu, kama ya mtu anayeinua gunia, na Klotilda akaisogeza kamba chini mpaka ncha yake ikakaribia togwa, akaishikilia hapo, mgongo wazi, akangoja.